Uonevu katika shule za msingi: chanzo, kinga na hatua za kuchukua

Kengele ya mapumziko inapolia, watoto wengi hukimbilia uwanjani. Yuko mmoja anayebaki darasani akijifanya anamalizia hesabu. Si kwamba anaipenda hesabu kuliko wenzake. Anangoja watu wapungue huko nje, kwa kuwa nyuma ya vyoo ndiko anakonyang'anywa fedha ya andazi na kuitwa jina ambalo si lake. Jambo hilo limeendelea muhula mzima na darasa zima linalijua. Asiyelijua ni mwalimu peke yake.

Mtoto huyo ni wa mfano tu. Lakini karibu kila aliyepitia shule ya msingi, iwe Tabora, Mombasa, Kampala, Muscat au London, anakumbuka sura ya mtu wa kumweka katika nafasi hiyo. Wapo ambao sura hiyo ni yao wenyewe.

Kwa miaka mingi watu wazima wameuhesabu uonevu kuwa sehemu ya kukua: mtoto ajikaze, ajitetee, atazoea. Utafiti wa karibu nusu karne unaonyesha vingine. Unaonyesha kwamba uonevu hauishi kwa nguvu za mwonevu peke yake, bali huishi kwa ukimya wa wanaoutazama, na kwamba shule inayouvunja ukimya huo inaweza kuupunguza kwa kiasi kikubwa.

Uonevu ni nini?

Si kila ugomvi wa watoto ni uonevu. Watoto wawili wanaolingana wakigombania mpira, wakapigana, na kesho yake wakacheza pamoja, hao wamegombana tu.

Maelezo yanayotumiwa na wataalamu wengi duniani ni ya Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyezaliwa Sweden mwaka 1931 na kufanya sehemu kubwa ya kazi yake katika mji wa Bergen, Norway. Olweus, aliyefariki dunia mwaka 2020, alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu suala hili mwaka 1973. Kwa mujibu wake, uonevu hutambulika kwa mambo matatu: hufanywa kwa kusudi la kuumiza, hurudiwa mara kwa mara, na baina ya anayetenda na anayetendewa hakuna usawa wa nguvu.

Nguvu hizo si za misuli tu. Mtoto anaweza kumzidi mwenzake kwa umri, kwa wingi wa marafiki, kwa fedha za wazazi, kwa ufasaha wa lugha inayotumiwa darasani, au kwa cheo cha ukiranja.

Uonevu huja kwa sura nne kuu:

- Wa mwili: kupiga, kusukuma, kunyang'anya fedha au chakula, kuficha daftari, kuchana sare.
- Wa maneno: majina ya kudhalilisha, kuzomea, kubeza umaskini, kabila, dini, rangi, ulemavu au kigugumizi.
- Wa kutenga: kumnyima mtoto nafasi katika mchezo, kumhamia dawati, kueneza uvumi ili asiwe na rafiki.
- Wa simu na mtandao: kusambaza picha au maneno ya kejeli katika makundi ya ujumbe, ambako dhihaka humfuata mtoto hadi kitandani.

Sura ya tatu ndiyo ngumu zaidi kuonekana. Mwalimu anayekagua michubuko hawezi kukagua dawati lililokimbiwa.

Utani una kanuni zake

Mwonevu akiulizwa, jibu lake la kwanza huwa ni kwamba alikuwa anatania. Jibu hilo lina uzito katika jamii zetu, kwa sababu utani kwetu ni jambo la heshima. Makabila hutaniana, babu na mjukuu hutaniana, na hata msibani watani wana nafasi yao.

Lakini utani wa asili una kanuni. Mtani ana haki ya kujibu, na kwa ukali ule ule. Leo unamtania, kesho anakutania. Mtoto asiyeweza kujibu bila kupigwa, au anayechekwa na watu kumi huku yeye akiwa peke yake, huyo hataniwi. Anaonewa. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutunga usaha.

Ukubwa wa tatizo na madhara yake

Ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, iliyotolewa mwaka 2019, ilikadiria kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake walau siku moja katika mwezi uliotangulia kuulizwa. Tangu mwaka 2020, Alhamisi ya kwanza ya mwezi Novemba imekuwa siku ya kimataifa ya kupinga ukatili na uonevu shuleni.

Madhara hayaishi mtoto anapomaliza darasa la mwisho. Nchini Uingereza, watafiti wamewafuatilia kwa miongo kadhaa watu waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka 1958. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa wale ambao wazazi wao walisema walionewa wakiwa na umri wa miaka 7 na 11 walikuwa, walipofika umri wa makamo, na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sonona na wasiwasi kuliko wenzao. Aliyeambiwa kwamba atazoea alikuwa amebeba mzigo huo kwa miaka 40.

Somo la Norway

Mwishoni mwa mwaka 1982, wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway, wenye umri wa kati ya miaka 10 na 14, walijiua. Ilidhaniwa kwa nguvu kwamba chanzo kilikuwa uonevu mkali wa wenzao. Habari hizo ziliishtua nchi nzima, na mwaka 1983 wizara ya elimu ikaanzisha kampeni ya kitaifa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuuliza. Wanafunzi wapatao 130,000 walijaza maswali bila kuandika majina yao. Ilibainika kuwa kiasi cha asilimia 15 walihusika mara kwa mara, ama kwa kuonewa ama kwa kuonea. Watu wazima wengi hawakuwa wamedhani kwamba idadi ingefika huko.

Mjini Bergen, Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 kwa miaka miwili. Idadi ya waliosema wanaonewa ilipungua kwa nusu au zaidi. Hatua zilizochukuliwa hazikuhitaji mitambo wala majengo mapya: usimamizi zaidi wakati wa mapumziko, kanuni chache za darasa dhidi ya uonevu, vikao vya mara kwa mara vya darasa, na mazungumzo ya dhati na watoto wahusika pamoja na wazazi wao.

Norway haikuishia hapo. Tangu Agosti 2017 sheria yake imemlazimu kila mtumishi wa shule kuwa macho, kuingilia kati, na kumwarifu mwalimu mkuu anapohisi kuwa mtoto hana amani shuleni. Shule haina ruhusa ya kungoja ushahidi kamili ndipo ichukue hatua.

Watazamaji ndio wenye ufunguo

Mwonevu hapendi uwanja mtupu. Watafiti wa Canada waliorekodi video za watoto wakati wa mapumziko, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001, waliona kuwa watoto wengine walikuwapo katika karibu matukio tisa kati ya kumi. Waliojaribu kuingilia kati walikuwa wachache, chini ya mara mbili katika kila matukio kumi. Lakini pale walipoingilia, zaidi ya nusu ya majaribio yao yaliumaliza uonevu ndani ya sekunde kumi.

Nchini Finland, mtafiti Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku na wenzake walieleza mwaka 1996 kwamba darasa zima lina nafasi katika uonevu. Wapo wanaomsaidia mwonevu, kwa mfano kwa kumshika anayepigwa. Wapo wanaochochea kwa kicheko. Wapo wanaojitenga na kunyamaza. Na wapo wachache wanaomtetea mnyonge. Wanaonyamaza hudhani kuwa hawamo. Kwa mwonevu, kimya chao ni ruhusa, na kwa anayeonewa, kimya hicho ni hukumu kwamba darasa zima limekubali.

Kutokana na mawazo hayo ulizaliwa mpango uitwao KiVa, uliojaribiwa katika shule nyingi za Finland na kuenezwa nchini kote kuanzia mwaka 2009. Watoto hufundishwa, kwa maigizo na mazungumzo, namna ya kumuunga mkono anayeonewa bila kujiingiza katika ugomvi: kutocheka, kumwita mtoto huyo aje wacheze, kuketi naye, kwenda kumwita mtu mzima. Walimu wa zamu huvaa vizibao vinavyoonekana kwa mbali, ili kila mtoto ajue wa kumkimbilia.

Kwa nini mtoto hasemi?

Anayeonewa huwa na sababu zake za kunyamaza. Anaogopa kisasi cha njiani. Anaogopa kuitwa mchongezi. Huenda aliwahi kusema, akaambiwa arudi akapigane. Watoto wengi pia huona aibu, wakidhani kuna kasoro ndani yao iliyostahili hayo.

Kwa hiyo mzazi na mwalimu hawana budi kusoma dalili:

- Kuumwa tumbo au kichwa asubuhi za siku za shule, na kupona siku za mapumziko.
- Vifaa, fedha au chakula kupotea kila mara bila maelezo.
- Kubadili njia ya kwenda shule, au kungoja wengine waondoke kwanza.
- Alama kushuka ghafla, kukosa usingizi, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha.
- Kutotaja rafiki hata mmoja kwa muda mrefu.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Zikikusanyika mbili au tatu, mtoto aulizwe kwa upole. "Nani anakuonea?" ni swali linalofunga mdomo. "Mapumziko huwa unacheza na nani?" ni swali linaloufungua.

Fimbo haiuvunji ukimya

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, jibu la kwanza la uonevu limekuwa fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakazia katazo hilo. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 1979 ziliacha adhabu hiyo iendelee kwa masharti. Hata hivyo, tukiliacha kando suala la sheria, fimbo ina udhaifu mwingine katika jambo hili.

Kwanza, inathibitisha somo lile lile analolifahamu mwonevu: kwamba mwenye nguvu humfanyia mnyonge apendavyo. Pili, gharama yake humrudia mtoa habari, kwani mwonevu aliyechapwa asubuhi humngoja mwenzake jioni njiani. Tatu, haiwagusi watazamaji. Darasa huona ugomvi wa mwalimu na mwonevu, nalo hubaki limekaa kimya kama zamani.

Ukiranja nao uangaliwe. Mtoto wa miaka 12 aliyepewa fimbo na karatasi ya kuandika majina ya wapiga kelele amepewa nguvu bila usimamizi. Akiwa mwema, hakuna neno. Akiwa mwonevu, uonevu wake umepata ofisi.

Ni kweli kwamba walimu wetu wana mzigo mzito. Ada za shule za msingi zilipofutwa, Uganda mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, madarasa yalifurika. Mwalimu mmoja mwenye watoto 80 hawezi kuona kila kitu. Hiyo ndiyo sababu ya kuwafanya watoto wenyewe kuwa macho ya shule.

Shule ifanye nini kabla ya tatizo?

Zipo hatua zisizohitaji bajeti:

1. Kuuliza bila majina. Mara moja kila muhula, watoto waandike katika vikaratasi kama wanaonewa, wapi na saa ngapi. Wadogo wasioweza kuandika wachore.
2. Kuchora ramani ya hofu. Watoto wachore ramani ya shule na kutia alama mahali wanapopaogopa. Mara nyingi huwa ni vyooni, kwenye bomba la maji, nyuma ya madarasa na njia ya kurudi nyumbani. Mwalimu wa zamu asimame hapo.
3. Kukubaliana kanuni chache. Tatu zinatosha: hatumwonei mwenzetu, tunamsaidia anayeonewa, tunamwambia mtu mzima.
4. Kutofautisha kuchongea na kutoa taarifa. Anayechongea anataka mwenzake aadhibiwe. Anayetoa taarifa anataka mwenzake awe salama. Watoto hulielewa jambo hili haraka, lakini lazima waambiwe, tena waone kuwa jina la mtoa taarifa halitajwi mstarini.
5. Mwalimu kujichunga. Mwalimu anayemwita mtoto kilaza au kucheka umbo lake ameliruhusu darasa kufanya hivyo hivyo.

Uonevu umeshatokea: hatua kwa hatua

Kwanza, usimamishwe hapo hapo, kwa utulivu. Kuuliza nani alianza mbele ya umati ni kuanzisha mchezo wa kuigiza.

Pili, anayeonewa asikilizwe peke yake kabla ya mwingine yeyote. Asiahidiwe siri, kwa kuwa ahadi hiyo haitatimizika. Aahidiwe kwamba ataelezwa kila hatua kabla haijachukuliwa.

Tatu, waliohusika waitwe mmoja mmoja. Kundi likiitwa pamoja hupeana moyo. Kila mmoja aambiwe wazi kwamba jambo linajulikana, linakoma leo, na aulizwe atafanya nini kulirekebisha.

Nne, shule isiwaweke wawili hao uso kwa uso na kuwaamuru wapeane mikono. Suluhu hufaa baina ya wanaolingana. Mtoto anayeonewa atatoa mkono kwa hofu, na nje ya mlango atakuta hakuna kilichobadilika.

Tano, watafutwe wanafunzi wawili hadi wanne wanaoheshimiwa na wenzao, waombwe kukaa karibu na mtoto huyo. Mpango wa Finland hufanya hivyo, na ni hatua inayowezekana hata chini ya mwembe.

Sita, wazazi wa pande zote waelezwe, kila upande kwa wakati wake. Mambo yaandikwe kwa tarehe, na baada ya wiki moja au mbili watoto waulizwe tena. Shule nyingi husahau hatua hii ya mwisho, na uonevu hurudi kimyakimya.

Mzazi afanye nini?

Mzazi asianze kwa kumwambia mtoto arudishe kipigo. Angeweza kurudisha, angekuwa amekwisha kufanya hivyo. Amshukuru kwa kusema, amhakikishie kuwa kosa si lake, na aandike aliyosikia pamoja na tarehe. Asimwendee mzazi mwenziwe kwa hasira. Aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, na ikibidi ofisi ya elimu. Tanzania Bara ngazi ya kwanza ya ofisi hiyo ni afisa elimu wa kata. Palipo na jeraha, au uonevu wa kingono, jambo hilo si la shule peke yake. Ni la hospitali na polisi.

Kenya, Tanzania na Uganda zina namba ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto, ambayo ni 116. Nchini Uingereza, huduma ya Childline, iliyoanzishwa mwaka 1986, hupokea simu za watoto kwa namba 0800 1111.

Kwa walio ughaibuni

Mtoto wa Kiafrika katika shule ya Ulaya au Marekani huweza kuonewa kwa lafudhi yake, nywele zake, hijabu ya dada yake au chakula alichofungiwa na mama yake. Mara nyingi hasemi nyumbani kwa sababu nyingine kabisa: anawahurumia wazazi. Mtoto anayemwona baba akihangaikia karatasi za uhamiaji, na mama akitoka zamu ya usiku, huona lake ni dogo. Mzazi amwambie kwa kinywa chake kwamba si dogo.

Wazazi hao wana haki ambazo wengi hawazijui. Katika shule za serikali za England, sheria ya mwaka 2006 inamtaka mwalimu mkuu aweke hatua za kuzuia kila aina ya uonevu. Mzazi anaweza kuomba kuziona hatua hizo kwa maandishi. Malalamiko yake nayo yawe ya maandishi, na kama kuna matusi ya rangi au dini, maneno yenyewe yaandikwe kama yalivyotamkwa.

Jambo moja zaidi: mtoto asifanywe mkalimani katika kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Atapunguza maneno ili asimuumize mzazi wala asimuudhi mwalimu, na ukweli utapotea katikati. Shule iombwe mkalimani, au aende mtu mzima anayeijua lugha.

Anayeonea naye ni mtoto

Mzazi akiitwa shule na kuambiwa kuwa mwanawe anawaonea wengine, asikimbilie kukana wala mkanda. Mtoto huyo aulizwe anayoyaona nyumbani, anaonewa na nani, na anapata faida gani kwa anayoyafanya. Wapo wanaoonea kwa kuwa wao wenyewe wanaonewa kwingine. Wapo pia walio wachangamfu na wenye marafiki tele, wanaoonea kwa kuwa darasa linawacheka wanaowachagua. Wa aina hii ya pili haachi kwa kuhurumiwa wala kwa kupigwa. Anaacha kicheko kinapokatika.

Tumrudie yule aliyebaki darasani na daftari lake la hesabu. Hahitaji shule mpya wala mwalimu shujaa. Anahitaji mwalimu wa zamu asimame nyuma ya vyoo badala ya mbele ya ofisi, na wenzake wawili warudi mlangoni waseme: "Twende." Siku hiyo mwonevu atakuwa na nguvu zake zile zile, ila hatakuwa tena na watazamaji.